Mashine ya maji bei poa, katriji ndiyo inakumaliza: tuelewane kuhusu hizi filta za nyumbani

Wiki iliyopita kwenye grupu la mtaa wetu hapa Dar ulizuka ubishi ambao mpaka naandika hapa haujaisha. Jamaa mmoja alituma video, muuzaji wa mashine za maji kaja ofisini kwao, kamimina maji ya bomba kwenye glasi moja na maji ya mashine yake kwenye glasi nyingine, halafu katumbukiza kidude chenye vijiti vya chuma na kukichomeka kwenye umeme. Dakika haijaisha maji ya bomba yamekuwa ya kahawia, yanatoa mapovu, uchafu unaelea kama supu ya juzi, yale ya mashine yametulia tuli kama hayahusiki. Grupu likalipuka. Mmoja anasema tunakunywa sumu, mwingine anasema utapeli huo, wa tatu anauliza bei, halafu mama jirani akaandika kitu kimoja tu: "Mimi ninayo mwaka wa pili huu, iko juu ya friji nimeiwekea maua, katriji yake naambiwa ni nusu ya bei ya mashine."

Katriji ni kile kichujio cha ndani ya mashine kinachobadilishwa kikiisha. Hayo maua ndiyo yamenifanya niandike. Ubishi wote ulikuwa mashine ipi inasafisha zaidi, hakuna hata mmoja aliyeuliza mashine ipi utaweza kuilisha. Mfugaji yeyote atakwambia kununua ng'ombe siku moja inaisha, kazi ni majani ya kila siku. Mashine ya maji ni hivyo hivyo, ile bei ya dukani ni ya kumfikisha ng'ombe zizini tu.

Lakini kwanza tumalize la vijiti, maana linawatesa watu. Vile vijiti kimoja ni chuma na kingine kwa kawaida ni aluminiamu. Ukipitisha umeme kwenye maji yenye madini, umeme unapita vizuri na ile chuma inayeyuka, ndiyo hiyo kahawia unayoiona, ni kutu ya kijiti chenyewe na sio uchafu uliokuwa kwenye maji. Maji ya mashine yake hayabadiliki kwa sababu madini yameondolewa karibu yote na umeme haupati pa kupita. Mwambie aongeze chumvi kidogo ya mezani kwenye maji yake masafi halafu arudie, utaona supu ile ile. Na ile kalamu wanayochovya ikaandika 300 au 15, nayo inapima umeme unavyopita kwenye maji kisha inakadiria madini yaliyoyeyuka, kipimo wanachokiita TDS. Haioni vijidudu kabisa. Maji yenye kipindupindu yanaweza kusoma 40 na kalamu ikatulia, maji salama ya chemchemi yakasoma 250 ukaambiwa ni hatari. Shirika la Afya Duniani linasema TDS chini ya miligramu 600 kwa lita ni maji yenye ladha nzuri tu, ikipita 1,000 ndipo watu wanaanza kukunja uso. Ni suala la ladha zaidi kuliko kuumwa.

Maneno machache kabla hatujaenda mbali

Kwenye maji kuna aina kama tatu za vitu usivyovitaka, na kila kimoja kina dawa yake. Kuna tope na vumbi, hivi unaviona. Kuna vijidudu, yaani bakteria, virusi na wale wadudu wa amiba na giadia, hivi huvioni. Halafu kuna vilivyoyeyuka, chumvi, floraidi, klorini, dawa za shambani, hivi vimeshakuwa sehemu ya maji kama sukari kwenye chai.

Filta ni kitu chochote kinachopitisha maji na kubakiza kingine. Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu hapa, ukishakamua tui kwenye kifumbu umeelewa nusu ya somo. Tundu zikiwa kubwa machicha yanapita, tundu zikiwa ndogo tui linatoka safi ila mkono unauma na kifumbu kinaziba haraka. Hiyo kanuni haina mashine ya kuikwepa, iwe ya laki moja au ya milioni mbili.

Tundu za filta zinapimwa kwa maikroni, na maikroni 1,000 ndiyo milimita moja. Unywele wako una unene wa kama maikroni 70. Bakteria wengi wanaotuharisha wana urefu kati ya maikroni 1 na 3, virusi vya kuharisha wengi wako chini ya 0.1. Ile filta nyeupe ya kamba kamba unayoiona ya kwanza kwenye mashine nyingi kawaida ni ya maikroni 5, kwa hiyo bakteria anapita akiwa amenyoosha mikono. Ile ni ya tope tu, nimekutana na mtu anayo hiyo moja peke yake anakunywa maji yake kwa amani.

Baada ya hapo kuna kaboni, mkaa ulioandaliwa maalum mpaka una vitundu vingi mno kwa ndani. Huu hauchuji kama kifumbu, unanasa. Fikiria daladala yenye viti thelathini, abiria wanaingia wanakaa, wakijaa basi wengine wanapita mlango wa mbele wanatokea wa nyuma. Kaboni inanasa klorini, harufu, rangi na kemikali nyingi, ikijaa inaacha maji yapite bila kukuambia kitu, hayapungui kasi, hayabadiliki rangi. Haiui vijidudu, tena ikikaa muda mrefu vinaweza kuzaliana humo humo ndani.

Halafu kuna RO, ile osmosisi ya kusukuma. Kuna ngozi nyembamba inaitwa membreni, maji yanasukumwa kwa presha mpaka yanapenya na chumvi inabaki upande wa pili. Hii ndiyo pekee kati ya zinazouzwa sana madukani inayotoa chumvi kweli kweli. Ila ile chumvi iliyobaki lazima isukumwe nje, na inasukumwa kwa maji, kwa hiyo kila lita moja unayokunywa zinamwagwa lita tatu, mashine nyingine tano na zaidi. Mwisho kuna taa ya UV inayomulika maji na kuharibu vijidudu visizaane, hii haitoi kitu chochote kwenye maji na inataka maji yawe meupe, tope likiwepo mdudu anajificha kwenye kivuli chake.

Nani anakufa kwanza

Haya, sasa tufike kwenye maua ya mama jirani. Ukitaka kujua mashine itakula hela kiasi gani usiulize ina hatua ngapi, hizi hatua saba hatua tisa za kwenye bango ni kama mtu kujisifu ana funguo nyingi. Uliza ndani yake kitu gani kinakufa kwanza na kinakufaje.

Filta ya tope inakufa kwa kuziba. Kaboni inakufa kwa kujaa. Membreni ya RO inakufa kwa kuota magamba ya chokaa kama yale ya kwenye birika, au kwa kuunguzwa na klorini ya maji ya bomba pale kaboni iliyotangulia ikiwa imejaa na hukujua. Taa ya UV inafifia taratibu, nyingi zinatakiwa zibadilishwe baada ya kama mwaka mmoja wa kuwaka hata kama bado unaona mwanga wa bluu.

Sasa angalia tofauti. Kitu kilichoziba kinaweza kuzibuliwa, kitu kilichojaa hakizibuliki. Kuziba ni tope limekaa juu, ukilipangusa kazi inaendelea. Kujaa ni viti vimeisha. Kuna watu wanaitoa katriji ya kaboni wanaianika juani siku mbili wanarudisha, jamani jua halina joto la kumtoa abiria kwenye kile kiti, viwandani wanaichoma kwenye tanuri mamia ya digrii ndiyo inarudi.

Na hapa ndipo mbuni wa ile mashine ya mama jirani alipotukosea. Katriji yake niliiona, ni kitu kimoja kimefungwa na gundi, nje kuna kitambaa cha kuchuja tope, ndani kuna kaboni. Maji yetu ya mtaani mvua zikinyesha yanakuja na rangi ya chai ya rangi, kwa hiyo kile kitambaa kinaziba mwezi wa pili wakati kaboni ya ndani haijafika hata nusu. Huwezi kukifikia kitambaa ukakisugua kwa sababu kimefungwa, unatupa vyote viwili. Ni sawa na kuuza pikipiki kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu tairi moja limekwisha.

Kwa hiyo ukiniuliza siri ya mashine rahisi kutunza ni nini nitakwambia ni kutenganisha. Kinachoziba kikae peke yake, kifikike kwa mkono, kioshwe. Kinachojaa kikae nyuma yake, kipokee maji yaliyokwisha kuchujwa ili kifanye kazi yake mpaka siku yake ya mwisho. Cha bei kubwa kuliko vyote kikae nyuma kabisa kimelindwa. Ukiona mashine imefuata hivyo ujue aliyeibuni alimfikiria mtu wa mwaka wa pili.

Kwa nini wengine hawafanyi hivyo? Sio kwamba hawajui. Ni biashara ya printa na wino, kila mwenye steshenari anaijua, printa unaipata bei ya kutupa halafu wino ndio unalipa printa tatu. Mashine inauzwa karibu na bei ya gharama, faida iko kwenye katriji, na ili urudi kwake lazima katriji iwe na mdomo wa ajabu ambao hauingii kwingine. Niseme pia upande wao, mdomo wa peke yake unazuia katriji feki, na feki zipo, mkaa uliosagwa ukafungwa kwenye plastiki nyeupe ukabandikwa karatasi nzuri. Ila kwa hali ya kipato chetu mimi bado nachagua ile yenye saizi ya kawaida ya inchi 10 ambayo maduka kumi tofauti wanayo, maana siku muuzaji wako akifunga duka mashine isife naye.

Wabunifu walioanza na mtu mwenyewe

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa chungu. Mwaka 1981 huko Guatemala mtu anaitwa Fernando Mazariegos alitengeneza filta ya udongo, unachanganya udongo wa mfinyanzi na pumba au unga wa mbao uliochekechwa, unafinyanga chungu, unakichoma. Zile pumba zinaungua zinaacha vitundu vidogo, halafu chungu kinapakwa madini ya fedha kidogo kudhibiti bakteria. Kinawekwa juu ya ndoo yenye koki, unajaza maji juu yanadondoka chini kama lita moja mpaka tatu kwa saa. Hakuna umeme, hakuna katriji, kikipunguza kasi unakisugua na brashi laini na maji safi, bila sabuni, kinarudi. Wafinyanzi wa shirika la Potters for Peace waliieneza nchi nyingi na viwanda vyake vipo mpaka Afrika.

Lakini na chenyewe kina kifo chake. Kambodia watafiti walifuatilia nyumba zilizopewa hivi vyungu, wakakuta kila mwezi kama asilimia 2 ya nyumba zinaacha kutumia, na sababu kubwa ni kwamba kimevunjika. Sio kuziba, kuvunjika. Mtoto, paka, siku ya kuosha. Kwa hiyo pale kazi ya mbuni ilikuwa kuhakikisha chungu cha pili kinapatikana sokoni bila kununua ndoo na koki tena, na ukingo wake unashikika vizuri na mikono yenye maji. Haya mambo ya ukingo na koki hayaingii kwenye bango la matangazo ila ndiyo yanayoamua kama kitu kitakuwepo mwaka wa tatu.

Mwingine ni David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, miaka ya 1990 alichukua mtambo wa mchanga wa mijini akaubana ukawa wa kuweka kona ya jikoni. Ni sanduku la zege au plastiki lina mchanga na kokoto. Ujanja wake uko kwenye bomba la kutokea, limepandishwa juu kidogo kuliko mchanga, kwa hiyo hata usipomwaga maji kuna sentimita kama 5 za maji zinabaki juu ya mchanga muda wote. Kwa nini? Kwa sababu juu ya ule mchanga kunaota utando wa viumbe hai wadogo wanaokula vijidudu vinavyoingia, na wakikauka wanakufa. Yaani filta inajilisha yenyewe kwa uchafu uliouleta! Unangoja mpaka kama siku 30 utando ukomae, ukianza kusuasua unakoroga juu ya mchanga kwa mkono, unachota yale maji machafu unamwaga basi. Gharama ya matunzo ni mkono wako. Tatizo ni uzito, ukihama nyumba ya kupanga unauacha kwa mwenye nyumba.

Huko kwa majirani magharibi mwa Kenya mwaka 2011 ziligawiwa bure filta za LifeStraw za familia zaidi ya laki 8. Ile ndani ina mirija myembamba kama tambi yenye tundu ndogo za kuzuia hata virusi, imepangiwa lita 18,000 bila kubadilisha kitu, na kila siku unabonyeza kipira kurudisha maji kinyumenyume yakung'ute uchafu, kama unavyokung'uta mkeka kwa kuupiga upande wa chini. Kwa makaratasi ni ubunifu mzuri sana na mimi mpaka leo naiheshimu ile njia ya kurudisha maji nyuma. Ila watafiti waliorudi miaka miwili mitatu baadaye walikuta nyumba nyingi haziitumii tena. Kutohitaji katriji hakutoshi, mtu asiposhirikishwa, akikosa pa kupata koki ikipasuka, na lile zoezi la kila siku likimchosha, filta inaenda juu ya kabati.

Na Wahindi mwaka 2009 kampuni ya Tata ilitoa Swach, chujio la majivu ya pumba za mpunga yaliyotiwa chembe za fedha, chini ya rupia 1,000, katriji ya lita 3,000. Kilichonivutia mimi ni kwamba lita zikiisha maji yanaacha kupita. Linganisha na ile kaboni inayokudanganya kimya kimya. Tena inahesabu lita, sio miezi, maana "badilisha kila miezi 6" ni maneno yasiyo na maana, nyumba ya watu wawili na nyumba yenye watoto sita na mama lishe haziwezi kuwa na miezi 6 inayofanana. Wewe mwenye mashine isiyo na kifaa hicho weka kalenda ukutani, piga mstari kila ukijaza ndoo, inatosha.

Kazi chafu ifanywe na vya bure

Kabla ya filta yoyote kuna mfanyakazi ambaye halipwi, anaitwa usiku. Maji ya kisima cha wazi au ya boza ukiyaacha kwenye ndoo yatuame mpaka asubuhi tope kubwa linakaa chini, ukachota ya juu tu ukaweka kwenye mashine, filta yako itaishi muda mrefu zaidi bila kutumia hata senti. Maji yakiwa na tope sugu bibi zetu walitumia shabu, na kuna wanaotumia mbegu za mlonge zilizotwangwa, vyote vinashikanisha tope libanane lizame haraka.

Kitambaa nacho usikidharau. Huko Bangladesh mtafiti Rita Colwell na wenzake waliwafundisha kina mama kuchuja maji kwa sari kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara kadhaa, matokeo yaliyotoka 2003 yalionyesha kipindupindu kilipungua karibu nusu vijijini humo. Sio kwamba kitambaa kinazuia bakteria, hakizuii, ila yule wa kipindupindu kwenye maji ya mito na madimbwi anapenda kung'ang'ania viumbe wadogo wa majini na hao ndio wanaobaki kwenye kitambaa. Na iwe kuukuu kwa sababu nyuzi zimeshavimba na kuachia, tundu zimekuwa ndogo. Kanga yako mbovu ukiikunja mara nne mdomoni mwa ndoo haifanyi maji yawe salama, lakini filta inayofuata itakushukuru.

Kingine ni mvuto wa dunia. RO inataka presha kama ya bar 3 kwenda juu. Tangi lililo juu ya mnara wa mita tatu linakupa bar 0.3 tu, kila mita 10 ndiyo bar moja. Kwa hiyo nyumbani kwako RO lazima iwe na pampu, pampu inataka umeme na adapta, adapta inaungua umeme ukirudi kwa fujo, na fundi wa kuibadilisha anataka nauli. Mashine ya kudondosha kwa uzito wa maji haina hata kimoja cha kuungua. Ni ya polepole, ndiyo, ila unalala yenyewe inafanya kazi.

RO sio adui, tuelewane. Kama maji yako ni ya kisima cha chumvi, na visima vingi vya Dar vina chumvi, chungu na mchanga havitakusaidia, wala kuchemsha hakutoi chumvi. Hapo RO ina haki yake. Ila kuweka RO kwenye maji ya bomba yasiyo na chumvi ni kununua lori la kubebea mkate, unalipa membreni, unalipa umeme, na siku za mgao unamwaga lita tatu upate moja. Wahindi tatizo hili la kumwaga maji lilipowazidi, mwaka 2019 mahakama yao ya mazingira iliagiza RO zipigwe marufuku pale ambapo TDS haifiki 500. Kama unayo tayari basi yale maji yanayotoka kwenye bomba la pembeni usiyamwage, deki na choo haviulizi chumvi.

Na wenzangu wa Arusha na miteremko ya Meru na Kilimanjaro, na Nakuru kule, tatizo lenu ni floraidi, ile inayopaka meno rangi ya kahawia na ikizidi sana inapinda mifupa. Kiwango kinachopendekezwa duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha kunaizidisha, maji yanapungua yenyewe inabaki. Kaboni ya kawaida haiigusi. Kinachofanya kazi kwa bei ya mwananchi ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha wamefanyia kazi hiyo njia miaka mingi, na Nakuru waliianza kupitia dayosisi ya Katoliki. Ubunifu mzuri hapa ni ndoo ambayo mkaa unamwagwa kwa kopo, sio uliofungwa ndani ya katriji, ukijaa unamwaga unaweka mwingine na ndoo inabaki ile ile. Ndipo alipotokea pia Dr. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, filta yake ya mchanga na vitu vya nano, yaani chembe ndogo mno, ilishinda Tuzo ya Afrika ya Uhandisi mwaka 2015 ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, na wazo lake kubwa ni kwamba kinachowekwa ndani kitegemee maji ya eneo husika. Naona watu walishangilia neno nano wakapitiwa na hilo la pili, ambalo ndilo linaokoa hela, maana unaacha kulipia hatua ambayo maji yako hayaihitaji.

Tupige hesabu kidogo

Namba hizi ni za mfano, weka za dukani kwako. Familia inakunywa na kupikia lita 20 kwa siku, kwa mwaka 7,300, kwa miaka mitatu 21,900. Mashine A ni 120,000, katriji 45,000 kila miezi minne. Katriji ya kwanza inakuja nayo, miaka mitatu utanunua nane, ni 360,000, jumla 480,000. Mashine B ni 250,000 mpaka ulinyanyuka kwenye kiti uliposikia, ila filta yake ya udongo unaiosha na kubadilisha mara moja kwa mwaka kwa 30,000, miaka mitatu unanunua mbili, jumla 310,000. A inakupa lita moja kwa karibu shilingi 22, B kwa 14. Na bado sijahesabu nauli ya kufuata katriji, wala ile miezi ambayo A imekaa na maua wakati nyumba inanunua maji ya chupa.

Dukani mimi nauliza manne tu siku hizi. Katriji inauzwa wapi zaidi ya hapa? Naweza kuifungua na kuiosha mwenyewe bila spana yako? Ikiisha nitajuaje? Na mkono wangu unaingia mpaka chini ya tangi? Hilo la mwisho wauzaji wanacheka, lakini maji yakishapita kwenye kaboni hayana klorini ya kuyalinda, tangi lisilooshwa linaota utelezi ndani ya wiki chache na unakunywa maji yaliyosafishwa yakachafuka tena ndani ya mashine hiyo hiyo.

Kuhusu mama jirani, Jumamosi tulishusha maua tukaifungua. Tangi zake mbili za plastiki ni nzima, koki nzima. Tulinunua kile kichujio cha udongo chenye umbo la mshumaa mnene, kina skrubu chini, tundu la katriji ya zamani likawa kubwa kuliko skrubu yake, fundi wa bomba akaweka wosha mbili za mpira. Siku ya kwanza ilivuja. Kujua kama inavuja unaweka maji kidogo tangi la juu yasifike kwenye udongo, yaani yaguse wosha tu, ukiona tone limedondoka chini ujue linapita pembeni ya filta na hayo hayajachujwa. Tukakaza, tukarudia, kavu. Sasa inatoa kama lita mbili kwa saa, anaijaza usiku na kitambaa mdomoni, na kwa kuwa udongo ule hauzuii virusi vyote, mvua kubwa zikianza anatia dawa ya klorini kwenye tangi la chini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na anangoja nusu saa. Analalamika kitu kimoja, inachelewa wageni wakija.

Ile katriji ya gundi nimebaki nayo mimi. Nimeikata katikati na msumeno, kitambaa cheusi kwa tope, kaboni ya ndani bado inang'aa.